Riziki ya Mpuliza Tromboni

Kijana wa Manyoni akitamka nyumbani kwamba anataka kuishi kwa kupuliza tromboni, ataulizwa swali moja, nalo ni la haki: utakula nini? Mzazi anayeuliza hivyo hauchukii muziki. Amelima uwele na alizeti kwenye ardhi ambayo mvua yake haiaminiki, na anajua hatari ya kutegemea kitu kimoja. Nataka kulijibu swali hilo bila kumdanganya mzazi wala kumkatisha tamaa kijana.

Tromboni inalisha, ila ni mara chache inamlisha nyota. Inamlisha mtu anayepigiwa simu asubuhi, akafika kabla ya saa, akawekewa karatasi ya noti ambayo hajawahi kuiona, akaipiga sawasawa na wenzake, na wiki ijayo akaitwa tena. Ukiweza kuwa mtu huyo, kazi zipo. Ukitaka tu kuonekana mbele ya jukwaa, jifunze gita au uimbaji.

Kazi iliyo karibu kuliko zote ni matarumbeta ya harusi. Unaijua picha yake: pikapu inatangulia msafara kutoka kanisani kwenda ukumbini, nyuma yake wamesimama watu watano au sita na tarumbeta, tromboni, besi kubwa na ngoma. Leo ni harusi, kesho kipaimara, keshokutwa mahafali. Wanamuziki wengi waliosoma huidharau kazi hii, na mimi nadhani wanakosea. Inalipa siku hiyohiyo. Inakufundisha kupuliza saa nyingi bila midomo kufa, na kukariri nyimbo nyingi kiasi kwamba akiimba mtu mstari mmoja unajua pa kuingilia. Ubaya wake ni kwamba inakuzoesha kupiga kwa nguvu moja mwanzo hadi mwisho, na studio haitaki hilo. Kwa hiyo ukirudi nyumbani jioni, piga dakika chache sauti ndefu za chini, kwa upole kabisa, kabla ya kulala. Na ukiwa juu ya gari, macho yawe barabarani: tuta likikaribia, toa chombo mdomoni. Meno yaliyovunjwa na chombo chako mwenyewe hayarudishwi na malipo ya harusi moja.

Kazi yenye mshahara wa uhakika ni bendi za majeshi: Polisi, Magereza, JWTZ, JKT. Huko kuna mwalimu, kuna vyombo, kuna noti, na kuna mazoezi ya kila siku ambayo huwezi kuyapata kwa fedha zako. Utamaduni huu ni wa kale kwetu. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi, ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na ikasafiri na askari na wapagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hadi miji ya bara. Lakini ingia ukijua kwamba wewe ni askari kwanza. Utapita mafunzo kama wengine, utapangiwa kituo, na masharti ya umri na elimu yamo kwenye tangazo la ajira. Lisome lenyewe, usisimuliwe na mtu wa kijiweni.

Bendi za dansi zina hadithi nyingine. Zamani mpulizaji aliajiriwa. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, na baada ya majina kadhaa leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi ya Tanzania, kisha mwaka 1983 ikaenda kwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vijana Jazz, Urafiki na Bima Lee nazo zilikuwa na taasisi nyuma yao. Mpiga saksafoni alikuwa na mshahara, kama karani au dereva wa shirika hilohilo. Enzi hiyo imepita. Leo bendi nyingi za dansi hulipa kwa onyesho, na wapulizaji wengi huingia kama deiwaka. Tarumbeta na saksafoni ndizo zilizotawala, tromboni ni chache. Hapo ndipo pana nafasi yako. Kiongozi wa bendi anayetaka ala tatu za kupuliza zisikike nene anahitaji sauti ya chini, na wenye sauti hiyo hawajajaa mjini.

Ukiacha majeshi, hakuna kazi hapa inayotosha peke yake. Harusi hupungua wakati wa Kwaresima na Ramadhani, hujaa baada ya mavuno na mwezi Desemba. Panga mwaka wako kwa kalenda hiyo. Miezi ya ukame wa harusi ndiyo miezi ya kufundisha watoto wa kwaya, kujifunza noti, na, kama una shamba, kulima. Fedha za Desemba zisiishe Januari.

Mtu ambaye ningependa umsome kwa makini ni Melba Liston, kwa sababu maisha yake yana karibu kila hali ambayo itakukuta. Alizaliwa Kansas City, Marekani, mwaka 1926, akaanza tromboni akiwa mtoto wa miaka saba, chombo kikiwa kirefu kuliko mkono wake. Miaka ya 1940, bado msichana, aliingia bendi kubwa ya Gerald Wilson. Bendi kubwa ni kundi la watu kama kumi na saba: saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni tatu au nne, na wapiga piano, besi, gita na ngoma. Kwenye kundi kama hilo tromboni hukaa katikati. Wasikilizaji hawaitambui mara moja, lakini ikiondoka wimbo mzima unakuwa mwembamba.

Liston alikuwa mwanamke katika safu ya wanaume, na safari zilikuwa ngumu. Mwaka 1949 alizunguka na mwimbaji Billie Holiday kusini mwa Marekani, ziara ikaenda vibaya, akarudi Los Angeles akaacha kupiga. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya elimu. Ningeomba kila kijana aliyekata tamaa asome hapo mara mbili. Kazi ya ofisini haikumfuta kwenye muziki. Mwaka 1956 mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie alipotakiwa na serikali ya Marekani kupeleka bendi kubwa nje ya nchi, alimwita Liston, na hakumwita kupiga tu, bali na kupanga nyimbo: kuamua tarumbeta ya kwanza iseme nini, tromboni zijibu nini, na nani anyamaze. Mwaka 1959 alikwenda Ulaya na bendi ya Quincy Jones.

Kisha Novemba 1960, huko New York, mpiga piano Randy Weston alirekodi albamu aliyoiita Uhuru Afrika, na mpangaji wa muziki wote alikuwa Liston. Maneno aliandika mshairi Langston Hughes. Sauti inayosikika ikisema kwa Kiswahili juu ya bendi ile kubwa ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Kiswahili kikasemwa studio ya New York, tromboni zikiwa nyuma yake, zikifuata karatasi iliyoandikwa na mpuliza tromboni. Itafute albamu hiyo. Sikiliza mara ya kwanza kwa kufurahi, mara ya pili usisikilize chochote ila tromboni.

Miaka ya 1970 Liston alifundisha muziki Jamaika. Mwaka 1985 alipata kiharusi, hakuweza tena kupuliza. Aliendelea kupanga muziki kwa kompyuta, na albamu aliyoipanga kwa Weston ilitoka baada ya hapo, miaka ya 1990 ilipoanza. Alifariki mwaka 1999. Midomo ilikoma, kalamu ikaendelea kumlisha kwa zaidi ya muongo. Kama kuna jambo moja la kuchukua kutoka kwake, ni hili: jifunze kupanga muziki mapema, ungali na afya. Prodyuza anayetafuta mtu wa kupuliza ana wengi wa kuchagua. Anayetafuta mtu wa kuleta mstari ulioandikwa tayari wa ala tatu, unaokaa vizuri kwenye wimbo wake, ana wachache mno.

Karibu zaidi nasi yuko Jonas Gwangwa wa Afrika Kusini, aliyefariki Januari 2021. Alipuliza tromboni na bendi ya Jazz Epistles mwaka 1959, akasoma New York, akawa mpangaji kwenye albamu ya Harry Belafonte na Miriam Makeba iliyopata tuzo ya Grammy, akaongoza kundi la Amandla la ANC, na mwaka 1987 akashirikiana na George Fenton kutunga muziki wa filamu ya Cry Freedom. Naye pia hakutegemea midomo peke yake.

Sasa twende kwenye kazi ya kila siku. Kama umekulia kwaya ya kanisa, bila shaka unasoma solfa: do, re, mi kwa herufi. Ni elimu nzuri, usiitupe. Lakini studio na bendi kubwa zitakuwekea mistari mitano, na tromboni husomwa kwa ufunguo wa besi, noti zikiwa kama zinavyosikika. Hapo kuna mtego. Walimu wengi waliofundishwa kwa mtindo wa Jeshi la Wokovu na bendi za Kiingereza huandika tromboni kwa ufunguo wa juu, ikiwa imehamishwa, kiasi kwamba C uliyoandikiwa inatoka B-flati. Makanisa ya Kilutheri yenye asili ya Kijerumani hayafanyi hivyo, hata tarumbeta zao husoma sauti halisi. Muulize mwalimu wako ulifundishwa kwa njia ipi, kisha jifunze na ile nyingine. Chukua nyimbo za kwaya unazozijua kwa moyo, andika sauti ya besi kwenye mistari mitano kwa mkono wako, wimbo mmoja kwa siku. Baada ya miezi michache jicho litakuwa linasoma bila kuhesabu mistari.

Katika suala la sikio, wewe wa Manyoni, uliyelelewa Ugogo ya magharibi, una mtaji ambao mwenzako wa mjini hana. Gerhard Kubik na wataalamu wengine wameandika kwamba ngazi ya sauti ya nyimbo za Wagogo inatokana na sauti za asili zinazopandana juu ya sauti moja ya msingi, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Tromboni imejengwa juu ya sauti hizohizo. Jaribu: funga mkono wa kuvuta kabisa, nafasi ya kwanza, usiuguse tena. Kwa midomo tu, anza B-flati iliyo chini kidogo ya C ya katikati ya piano, panda D, kisha F, kisha A-flati inayosikika kama imeshuka, kisha B-flati ya juu, kisha C. Utasikia kitu unachokifahamu, njia ya zeze na ilimba, njia aliyoibeba mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose hadi studio za Ulaya kabla ya kufariki mwaka 2003.

Ile A-flati iliyoshuka ndiyo itakayokutia matatani kwenye bendi. Nyumbani ni tamu, mahali pake pako sawa. Ukikaa na saksafoni na piano, iko chini kwa karibu theluthi ya nusu toni, na kila mtu ataisikia. Huwezi kuipandisha, maana mkono umeshafika mwisho wa ndani. Kwa hiyo mpulizaji aliyefundwa huiacha na kuchukua A-flati ya nafasi ya tatu, iliyo safi. Na G iliyo chini kidogo ya hapo, inayopatikana kwa njia hiyohiyo kwenye nafasi ya pili, huvutwa ndani kwa upana wa kidole hivi mpaka ikae. Jifunze zote mbili, ya nyumbani na ya bendi, uchague kwa makusudi. Siku prodyuza akitaka rangi ya Kigogo kwenye wimbo wake, utakuwa nayo mkononi huku wengine wakiisaka kwenye kompyuta.

Kuhusu kukaa safuni, sheria ni chache. Mpuliza tromboni wa kwanza ndiye anayeamua noti inaanza lini, inakatika lini, na sauti iwe kubwa kiasi gani. Wewe wa pili na wa tatu unamfuata, hata kama unaona amekosea. Utamwambia baadaye, mkiwa wawili. Ukimsikia yeye kuliko unavyojisikia, uko sawa. Ukijisikia wewe tu, punguza. Penseli iwe mfukoni kila siku. Kiongozi akibadilisha kitu, andika. Kuuliza jambo lilelile kwenye onyesho kunapoteza kazi haraka kuliko noti mbovu.

Studio ni mahali pengine kabisa. Nyimbo nyingi za dansi zilizohifadhiwa Radio Tanzania zilirekodiwa bendi nzima ikiwa chumbani pamoja, na ukisikiliza utasikia wapulizaji wakivuta pumzi kwa pamoja. Leo utaingia peke yako, biti imeshatengenezwa, na utasikia kliki kwenye hedifoni. Acha sikio moja wazi, la sivyo utapotea kwenye mlio wako. Usielekeze kinywa cha tromboni moja kwa moja kwenye maiki. Geuka kidogo pembeni, simama hatua moja au mbili nyuma, upepo usigonge. Jifunze kurekodi mstari mmoja, kisha wa pili juu yake, kisha wa tatu, wewe peke yako ukiwa safu nzima. Badilisha kidogo ladha ya kila mmoja: wa juu uwe mwembamba, wa chini uwe mzito. Na jua kunyamaza. Mistari miwili ya tromboni mahali panapostahili ina thamani kuliko kujaza wimbo mzima.

Huhitaji kuhamia Dar es Salaam ili kuanza. Ukiwa na maiki moja nzuri, kompyuta ya kawaida na intaneti, prodyuza aliye Arusha anaweza kukutumia wimbo ukamrudishia sauti zako usiku huohuo. Pale Manyoni adui wako ni bati na upepo. Tafuta chumba chenye dari, tundika mablanketi mazito kwenye kuta mbili zinazotazamana, rekodi alfajiri kabla upepo haujaamka na malori hayajawa mengi barabarani. Rekodi faili zisizobanwa, ziite majina yanayoeleweka, tuma kila mstari peke yake. Siku ikifika ya kwenda mwenyewe, basi hadi Dodoma na treni ya SGR hadi Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2024, zinakufikisha siku hiyohiyo.

Malipo yaandikwe kabla hujapuliza. Ujumbe wa simu wenye jina la wimbo, tarehe, kiasi na saa ya kulipwa ni bora kuliko ahadi ya mdomo, na karatasi yenye sahihi ni bora kuliko ujumbe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtenganisha mtunzi na mwimbaji au mpigaji. Ukipiga ulichoandikiwa, wewe ni mpigaji. Ukitunga ule mstari wa ala ambao watu watauimba barabarani, una hoja ya kutambuliwa kama mmoja wa watunzi, lakini hoja hiyo izungumzwe siku ya kurekodi, si wimbo ukishavuma. Nenda ofisi ya hakimiliki, COSOTA, jisajili, uliza mirabaha ya wapigaji inakusanywa vipi na nani. Kwa maonyesho ya hadharani utahitaji pia kibali cha Baraza la Sanaa, BASATA. Weka daftari la kila wimbo uliopulizia.

Chombo chenyewe kinastahili neno. Tromboni ya mtumba ni nzuri ikiwa mkono wake mzima. Ishike wima, kinywa kikitazama chini, weka mkono wako chini tayari kudaka, kisha fungua kifungo: mkono wa nje ushuke wenyewe bila kukwama. Ukikwama katikati, umepinda, na kuunyoosha ni kazi ya fundi ambaye si rahisi kumpata. Chomoa, tazama mirija ya ndani. Pale mwishoni ambapo ni nene zaidi, rangi ya fedha ikiwa imechubuka, mlio utavuja. Vumbi la kiangazi cha Manyoni ni msasa kwa mirija hiyo. Ifute kwa kitambaa laini kila ukimaliza, paka krimu ya tromboni kidogo na nyunyizia maji. Usipake mafuta ya kula wala grisi ya gari. Kama fedha ni chache, tromboni ya plastiki kama pBone, isiyofikia kilo moja, inatosha kwa miaka miwili ya kujifunza, na haipati mbonyeo kila mtoto akiiangusha.

Ukitaka shule, zipo: TaSUBa Bagamoyo, Makumira karibu na Arusha, chuo cha muziki cha DCMA Zanzibar, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya kulipa ada, uliza jambo moja tu: mwaka huu kuna mwalimu wa ala za shaba? Pasipo na huyo, utapata cheti na nadharia, midomo utajifundisha mwenyewe.

Na kwa mzazi: usimpime mwanao kwa makofi ya kanisani. Kila baada ya miezi mitatu mwombe mwalimu wa kwaya, au yeyote anayejua noti, amwekee ukurasa ambao hajawahi kuuona. Mara ya kwanza atakwama kila mstari. Ikifika mwaka mmoja na bado anakwama vilevile, muziki ubaki wa Jumapili, atafute fani nyingine. Akiupiga ukurasa huo mwanzo hadi mwisho, polepole, bila kusimama, mpe nauli ya Dodoma akawatafute wapulizaji wenye kazi, na mlo wa wiki mbili.